Sheikh Abdalla Saleh Farsy na uzito wa neno moja

Katika misikiti yetu ya Pwani, kuanzia Lamu mpaka Vanga, Ramadhani haipiti bila darsa ya tafsiri baada ya alasiri. Sheikh husoma aya kwa Kiarabu, kisha huifafanua kwa Kiswahili, na wasikilizaji huondoka na maana yake. Aliye na hamu ya kuendelea, akifika nyumbani hufungua Qurani Takatifu ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy. Kitabu hiki tumekizoea hata twadhani kilikuwapo tangu enzi za mababu. Lakini tafsiri hii ilichapishwa kamili mwaka 1969, na nyuma yake kuna mtu aliyetumia miaka mingi ya umri wake akitafuta maneno.

Leo nataka kumzungumzia mtu huyo, na hasa hiyo kazi ya kutafuta maneno. Sababu yangu ni hoja ninayoisikia mara kwa mara barazani, kwamba kukitia Kiarabu katika Kiswahili ni kazi nyepesi, maana Kiswahili chenyewe kimejaa Kiarabu. Mimi naona kinyume. Ukiyatazama maisha ya Sheikh Farsy na kazi yake utaona kwamba huo ukaribu wa lugha mbili ndio unaomtega mfasiri.

Sheikh Abdalla alizaliwa Unguja mwaka 1912. Unguja ya siku hizo ilikuwa kituo cha elimu ya dini katika mwambao wote. Wanafunzi walikuja kutoka Lamu, Barawa, Mombasa na Ngazija kukaa chini ya masheikh wake. Yeye alisoma chuoni kama watoto wengine, akasoma pia skuli za serikali, na akahudhuria darsa za wanavyuoni wakubwa, miongoni mwao Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir na Sayyid Umar bin Ahmad bin Sumait. Baadaye akawa mwalimu wa skuli.

Naomba msomaji asilipite jambo hilo la ualimu haraka. Sheikh anayesomesha watu wazima msikitini aweza kutumia neno gumu na hadhira ikanyamaza kwa heshima. Watoto wa skuli hawanyamazi. Watauliza neno hilo maana yake nini, na ukiwajibu kwa neno jingine gumu watauliza tena. Mtu aliyepitia darasa la namna hiyo huzoea kulitafuta neno lililo karibu na msikilizaji.

Tabia hiyo yaonekana katika vitabu vyake. Aliandika kwa Kiswahili juu ya Seyyid Said bin Sultan, juu ya Imam Shafi na wanavyuoni wa Afrika Mashariki, na juu ya maisha ya Mtume Muhammad (S.A.W.). Mwaka 1956 kikatoka kitabu chake kuhusu ada za harusi katika Unguja. Wapo wanaoshangaa sheikh mkubwa kama yeye kuandika juu ya harusi. Mimi sishangai. Mwenye kuandika juu ya harusi za watu wa mwambao hana budi kuyajua maneno ya akina mama, ya jikoni na ya uani, wala hayo huyapati katika vitabu vya fiqhi. Sheikh alikuwa na sikio la pande zote mbili.

Sasa tuje kwenye tafsiri. Kwa karne nyingi wanavyuoni wetu waliifasiri Qurani kwa mdomo. Kuiandika nzima kwa Kiswahili lilikuwa jambo la kuogopewa, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Neno la mdomo sheikh aweza kulirekebisha papo hapo akiona nyuso za watu zimekunjana. Neno lililochapwa huenda mbali na mwenyewe, likasomwa na mtu asiye na wa kumuuliza.

Wa kwanza kuichapisha Qurani nzima kwa Kiswahili hakuwa Mwislamu. Alikuwa padri Godfrey Dale wa misheni ya UMCA ya Unguja, na tafsiri yake ilitoka London mwaka 1923. Kusudi lake lilikuwa kuwasaidia walimu wa Kikristo kuijua Qurani katika kuhojiana na Waislamu. Hapa kwetu Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937, alianza kuandika tafsiri ya Kiswahili, lakini alifariki mwaka 1947 kabla ya kuikamilisha. Kisha mwaka 1953 jumuiya ya Ahmadiyya ikachapisha mjini Nairobi tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi.

Hivyo, katikati ya miaka ya 1950, Mwislamu wa Kisuni asiyejua Kiarabu na aliyetaka kusoma Qurani nzima kwa lugha yake alikuwa na nakala mbili za kuchagua. Moja ilikuwa ya padri. Ya pili ilikuwa ya jumuiya ambayo wanavyuoni wake wanahitilafiana nayo katika jambo la itikadi. Hapo ndipo Sheikh Farsy aliposhika kalamu. Sehemu za tafsiri yake zilianza kutoka Unguja katika miaka hiyo hiyo, kidogo kidogo, kabla ya kukusanywa pamoja.

Haikuwa haja ya kupata Kiswahili kizuri zaidi. Katika kazi ya Ahmadiyya alikuwamo Sheikh Kaluta Amri Abedi, malenga ambaye hakuna anayeweza kumfundisha Kiswahili. Mzozo ulikuwa wa maana, na mara nyingine ulikuwa wa neno moja tu.

Chukua neno khatam, ambalo Qurani yalitumia kumsifu Mtume Muhammad mbele ya Manabii waliomtangulia. Kwa Kiarabu neno hilo ni muhuri. Mfasiri anayetaka kwenda neno kwa neno ataandika muhuri, na hakuna atakayemwambia amekosea kamusi. Lakini muhuri hufanya kazi mbili. Hupigwa mwisho wa barua kuifunga, na pia hupigwa juu ya kitu kukithibitisha. Anayeshika maana ya kwanza atasema hakuna Nabii baada ya Muhammad, na hiyo ndiyo itikadi ya Waislamu walio wengi. Anayeshika maana ya pili ameacha mlango wazi, na ni katika mlango huo ndipo Ahmadiyya wanapohitilafiana na wengine. Kwa Sheikh Farsy, kuliacha neno hilo na maana mbili lilikuwa sawa na kumwacha msomaji njia panda usiku bila taa. Ilikuwa lazima msomaji aelewe mwisho.

Jambo la kupendeza ni kwamba Kiswahili chetu kilishachagua zamani. Mtoto akimaliza msahafu twasema amehitimu. Mambo yakiisha twasema hatima yake ni hii. Tukimsomea maiti twaita hitima. Maneno yote hayo yanatokana na mzizi huo huo wa khatam, na yote, katika vinywa vya bibi zetu, yanakwenda kwenye kumaliza. Katika neno hili undugu wa lugha unamsaidia mfasiri.

Lakini katika maneno mengi undugu huo unamuumiza. Kiswahili kilipoyapokea maneno ya Kiarabu hakikuyaweka kabatini. Kiliyatumia sokoni, majumbani na baharini, na kwa matumizi yale maneno yakabadilika. Neno likabaki na sura yake ya zamani huku tabia imekuwa nyingine.

Angalia fitina. Kwetu sisi, fitina ni kuchonganisha watu. Mtu akipeleka maneno ya mke kwa wifi na ya wifi kwa mke, twasema kaleta fitina. Kwa Kiarabu asili ya fitna ni kuipitisha dhahabu motoni ili ijulikane safi na chafu. Kutoka hapo likaja kuwa mtihani, mateso, na kumtesa mtu ili aiache dini yake. Sasa Qurani inapoiweka fitna kuwa ni nzito kuliko kuua, na mfasiri akaandika fitina na kwenda zake, msomaji wa Kongowea au wa Malindi ataelewa nini? Ataelewa kwamba mmbeya wa mtaani ana dhambi kubwa kuliko muuaji. Umbeya ni haramu, hilo halina shaka, lakini aya haikuwa ikizungumza hayo.

Angalia ajali. Basi likipinduka barabarani twasema ajali. Ni jambo la ghafla ambalo hakuna aliyelitarajia. Katika Qurani ajal ni muda uliokwisha kuwekwa, usiotangulia wala kuchelewa. Neno moja limegeuka likawa karibu kinyume cha lilivyokuwa. Mfasiri akiandika kwamba kila umma una ajali yake, mtu atadhani kila umma utapata msiba wa ghafla.

Angalia imani. Kwa Kiarabu ni kuamini. Kwetu ni kuamini pia, lakini ni huruma vilevile, ndiyo maana mtu katili twasema hana imani, hata kama anaswali sala tano. Angalia dhuluma. Kwetu ni kumla mtu haki yake, mara nyingi shamba au mshahara. Katika Qurani neno hilo ni pana zaidi, na Luqman anapomuusia mwanawe, linabeba hata kumshirikisha Mungu. Angalia roho, ambayo kwetu tumeizalia uroho, na tukampa mtu roho mbaya na roho nzuri kama vile ni tabia.

Anayefasiri kutoka Kiarabu kwenda Kijaluo au Kichina hana shida hii. Maneno yanatofautiana waziwazi, naye anajua kwamba lazima atafute. Mfasiri wa Kiswahili hulikuta neno limemngojea mlangoni, linafanana na la asili, lasomeka vizuri, na likimpendeza akaliacha, huenda amepotosha bila kubadilisha hata herufi mbili.

Sheikh Farsy aliukabili mtego huo kwa njia ambayo kila mwenye nakala yake aweza kuiona. Aliweka Kiarabu cha asili pamoja na Kiswahili, ili tafsiri isije ikajifanya ni Qurani. Pale neno moja lisipotosha, aliongeza maneno ndani ya mabano, nawe unajua kwamba hayo ni ya mfasiri. Pale mabano yasipotosha, akaweka maelezo chini. Wapo wanaoyaona mabano hayo kuwa mengi na kwamba yanakatiza usomaji. Mimi nayaona kuwa uaminifu. Ni alama za pahali ambapo mtu alitafuta neno moja la Kiswahili la kulibeba neno la Kiarabu peke yake, asilipate, na akaona afadhali aonekane amepungukiwa kuliko amdanganye msomaji.

Pia hakuyaonea haya maneno ya Kibantu. Aliandika Mwenyezi Mungu, kama wanavyosema watu wa mwambao wanapoomba na wanapoapa. Hakufikiri kwamba neno huwa la dini zaidi kwa kuwa na sauti ya Kiarabu.

Liko jambo jingine ambalo sisi wa Mvita tunalihisi. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lugha ya mashairi yetu, kikawekwa kando. Sheikh aliandika kwa Kiunguja chake. Asiyesema njia bali ndia, asiyesema macho bali mato, aliweza kuhisi kwamba kitabu hiki kimetoka kwa jirani. Lakini kwa kuwa alichagua lugha ya mazungumzo na kuyaepuka madoido ya tenzi, kilisomeka Mombasa na Lamu, kikasomeka Tanga, Tabora na Kigoma, na mpaka Kongo. Neno analolielewa Mmvita peke yake lingekuwa tamu kwetu, lakini mtu wa Ujiji lisingemfaa kitu.

Kazi hii haikufanywa katika utulivu. Mwaka 1960 Sheikh alikuwa kadhi Unguja. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na mambo mengi ya Unguja aliyoijua yakabadilika. Mwaka 1967 akaacha ukadhi wa huko, akaja Kenya, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi hii baada ya Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Mwaka uliofuata tafsiri yake ikatolewa kamili na Islamic Foundation ya Nairobi. Kwa umri alikuwa amefikia miaka 57.

Ukadhi nao ni kazi ya maneno, tena ya maneno yenye gharama. Kadhi hukaa na ndoa, talaka na mirathi. Katika talaka wanavyuoni wa Kishafi hutenganisha tamko la wazi na tamko la fumbo. La wazi halimngojei mtu aeleze nia yake. La fumbo, kama vile mume kumwambia mkewe nenda kwenu, huulizwa nia. Sasa kichukue kitenzi chetu kuacha, au kuwata kama tusemavyo Kimvita. Mume aweza kusema amemwacha mkewe akiwa na maana kwamba amemwacha nyumbani akaenda sokoni, na aweza kusema neno hilo hilo likavunja nyumba yenye watoto. Mtu aliyekaa kwenye kiti hicho kwa zaidi ya miaka 10 hawezi kufikiri kwamba maneno ni mapambo. Alijua kwamba mtu mwingine ndiye atakayeishi na neno likishatoka.

Sisemi kwamba watu wote walikubaliana naye. Hapa Mombasa na kwingineko zilikuwapo hitilafu kubwa juu ya misimamo yake kuhusu bidaa, na baadhi ya mila alizozikosoa zinaendelea mpaka leo, pamoja na hitima niliyoitaja. Hata tafsiri yenyewe haikufunga mlango. Mwaka 1995 ilitoka tafsiri nyingine ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, naye pia mtu wa Unguja, na katika aya nyingi amechagua maneno mengine. Watu wawili wa kisiwa kimoja na lugha moja, mbele ya Kiarabu kile kile, wakaenda njia mbili. Wapo vijana wanaolitumia jambo hili kuwakebehi wazee. Kwangu mimi ni dalili kwamba kila mmoja alitafuta kwa juhudi yake, na kwamba Maneno ya Mola ni mapana kuliko lugha ya mja.

Linaloniuma ni jinsi tunavyoyachukua maneno siku hizi. Nasikiliza hotuba za Ijumaa ambamo khatibu humimina istilahi za Kiarabu kwa mkupuo, na mvuvi aliyekaa safu ya nyuma hutoka alivyoingia. Ukimuuliza khatibu, atakujibu kwamba hilo ndilo neno la dini. Upande wa pili naona jumbe za simu zenye aya zilizofasiriwa kwa mstari mmoja, bila mabano, bila maelezo, bila jina la mfasiri, nazo husambazwa kwa maelfu kabla ya adhuhuri. Watu hugombana juu ya maneno kama fitina na jihadi bila hata mmoja wao kuuliza neno hilo Kiarabu limekusudia nini na Kiswahili limefikaje. Katika Pwani yetu, ambako vijana wamepotezwa kwa aya zilizokatwa vipande, hili haliwezi kuitwa suala la lugha tu.

Walimu wetu wa madrasa wangeweza kulianza jambo hili kwa wepesi. Badala ya kumpa mtoto neno la Kiarabu na neno la Kiswahili linalofanana nalo akariri, wamwonyeshe pale yanapoachana. Siku moja fitina, siku nyingine ajali, siku nyingine imani. Mtoto atakayejua kwamba neno alilolizoea laweza kumpoteza hatakuwa mwepesi wa kubebwa na ujumbe wa simu. Na makhatibu wetu, kabla ya kupanda mimbari, wamfikirie yule wa safu ya nyuma.

Sheikh Abdalla alistaafu ukadhi mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaenda Oman, na tarehe 9 Novemba 1982 akafariki Muscat. Alizaliwa kisiwani, akafanya kazi Kenya, akazikwa ng'ambo ya bahari, na maneno yake yamebaki katika nyumba zetu, kwenye rafu ya juu mahali panapowekwa vitabu vya heshima. Mwenye nakala yake aiteremshe, na safari hii asiyaruke mabano. Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu, amlipe kwa kila neno alilolitafuta kwa ajili yetu, na atujaalie kuyapima ya kwetu kabla hatujayatoa. Amin.